Slasha za bei chee na kisu cha urembo: hivi muuaji ni nani mle ndani?

Kwanza tuelewane kwenye neno lenyewe. Kwa sisi tuliosoma shule za serikali, slasha ni lile bapa la chuma lililopinda mwishoni, ukichelewa namba asubuhi unakabidhiwa ukafyeke nyuma ya madarasa mpaka viganja vinatoka malengelenge. Kwenye muvi slasha ni kitu kingine, ila ukiangalia vizuri wala hakiko mbali, kuna jamaa ameshika kitu chenye makali na watu wanaanguka mmoja mmoja kama majani, haulizwi mtu. Muuaji kavaa kinyago, vijana wako mbali na wazazi, simu haina mtandao, mwishoni anabaki msichana mmoja. Hiyo ndo slasha.

Sasa kuna kaukoo kadogo ndani ya huu ukoo ambako kila mtu anakachanganya, zile muvi za kutisha zinazohusu upasuaji wa urembo, yaani plastiki sajari, kuchonga pua, kuvuta uso, kuongeza hipsi na mambo hayo. Tangu The Substance itoke 2024, ile muvi ya nyota wa TV anayezeeka, anajidunga dawa mgongo unapasuka na anatoka msichana mbichi, nimeshaona watu wazima wanagombana kabisa, huyu anasema ni slasha, yule anasema slasha gani haina muuaji, mwingine anasema hiyo ni vita dhidi ya wanawake, mwingine anasema ndo utetezi wenyewe wa wanawake. Wote wana kapointi. Ngoja tufungue huu uzi taratibu, na tuanze na hela, maana bila kuelewa hela hutaelewa kwa nini hizi muvi zina sura hiyo zilizonayo.

Slasha ilikuwa biashara ya maskini tangu mwanzo. Halloween ya John Carpenter ya 1978 ilitengenezwa kwa kama dola 300,000 na kitu, ikaja kuingiza kama dola milioni 70 dunia nzima. Walipiga picha kwa siku kama 20 tu, na hadithi inatokea mwezi wa kumi wakati wao wako California kwenye majira ya kuchipua miti yote ya kijani, basi wakapaka rangi majani makavu, wakayamwaga barabarani, wakimaliza sini wanayaokota kwa ajili ya sini inayofuata. Kile kinyago cha muuaji kilichotisha dunia kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kimenunuliwa dukani kwa chini ya dola 2, wakakipaka cheupe na kupanua matundu ya macho. Na Psycho, ile ya 1960 iliyofungua njia, damu ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti, si unajua picha ni nyeusi na nyeupe, nani atajua. Hata huku kwetu tunaujua huu mchezo, Mussa Banzi na wenzake walitoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000 kwa vifaa vya kuungaunga, na watu walijaa kwenye vibanda umiza wakatoka wanaogopa kupita kwenye miembe usiku.

Kwa hiyo mtengeneza muvi mwenye hela kidogo anajiuliza maswali matatu tu: nitapata wapi chumba kimoja cha kupigia picha, nitamfichaje muuaji, na damu nitaimwaga kwa kisingizio gani. Hapo ndo kliniki ya urembo inapokuja kama jibu la maombi. Chumba kipo, ni kile chenye taa kubwa na kitanda. Vifaa vyenye makali vipo mezani, tena vimepangwa, hamna haja ya kueleza panga limetoka wapi. Daktari tayari kavaa barakoa. Na mgonjwa, hapa ndo penye utamu, mgonjwa kafungwa bendeji uso mzima. Bendeji ndo kinyago cha bei rahisi kuliko vyote duniani, roli moja tu na hujui tena nani yuko ndani, unaweza kubadilisha mwigizaji, unaweza kumweka dublea, unaweza kumkalisha mtazamaji dakika 40 anasubiri ifunguliwe. Na ile hofu ya bendeji kufunguliwa haihitaji hata senti ya ziada.

Mzee wa ukoo huu ni mfaransa Georges Franju, na Les yeux sans visage yake ya 1960. Daktari bingwa wa Paris amesababisha ajali ya gari, binti yake kaharibika uso, basi msaidizi wake wa kike anamtafutia wasichana mjini ili awachune nyuso na kumshonea binti. Binti mwenyewe anatembea ndani ya jumba kavaa kinyago cheupe kisicho na hisia yoyote, macho tu ndo yanahangaika. Kuna kitu kimoja watu wengi hawakioni, yule msaidizi naye alitengenezwa uso na huyo huyo daktari, na shingoni hakosi kuvaa mkufu wa lulu kuficha kovu. Yaani anayewaleta wenzie kwenye kisu ni mtu aliyefanyiwa na kazi ikakubali, anadaiwa shukrani. Mimi huwa naona huyo mama anatisha kuliko daktari, na ukimfikiria kidogo utakuta unamfahamu mtu kama huyo, yule anayekuambia mbona mimi nimefanya na niko poa.

Nchi hiyo hiyo ya Ufaransa, mwaka 2005, mjini Amiens, madaktari walipandikiza sehemu ya uso wa marehemu kwa mwanamke aliyeng'atwa na mbwa wake, mara ya kwanza duniani. Miaka 45 baada ya muvi. Ila tofauti ni kwamba mtoaji alikuwa ameshafariki, familia iliridhia, na lengo lilikuwa mtu aweze kula na kuongea. Shikilia hiyo tofauti, tutairudia.

Akaja David Cronenberg wa Kanada na Rabid, 1977. Msichana kapata ajali ya pikipiki jirani na kliniki ya urembo, daktari anamjaribishia ngozi ya majaribio, anaamka ana kitu kama mwiba kwapani kinachonyonya damu za watu, na anaowanyonya wanapata kichaa, mpaka jiji la Montreal linawekwa chini ya jeshi. Cha kuchekesha daktari wa kliniki anaitwa Keloid. Kwa mzungu huo ni utani wa kitabibu tu. Kwa sisi sio utani sana, keloidi ndo lile kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, na ngozi nyeusi inapata hilo tatizo mara nyingi zaidi, umetoboa tu sikio linaota kama zabibu. Kwa hiyo mtu mweusi akilala mezani kwa ajili ya urembo ana hesabu ya ziada ambayo zile picha za kabla na baada mtandaoni, nyingi za watu weupe, haziionyeshi kabisa.

Halafu ndo tunafika kwenye ile ninayoipenda mimi, American Mary ya 2012, ya madada mapacha Jen na Sylvia Soska, nao wa Kanada. (Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa ruka hii aya.) Mary ni mwanafunzi wa udaktari, hana hela ya kodi, anaenda kuomba kazi kwenye klabu ya madensa na usiku huo huo anaombwa amshone mtu aliyekatwakatwa, analipwa dola zake elfu kadhaa, anarudi nyumbani anatapika. Halafu habari zinasambaa. Anamjia mwanamke aliyejichonga mara kibao mpaka anafanana na katuni ya Betty Boop, anamletea rafiki yake anayetaka kufanana na mdoli, tena mdoli haswa, maana anasema mdoli hawezi kutamaniwa vibaya na mtu. Katikati hapo mwalimu wake wa chuo, bingwa wa upasuaji anayeheshimika, anamlevya na kumbaka kwenye pati. Mary anamteka na kuanza kumfanyia mazoezi. Sasa niambie, slasha ni nani hapo? Mwenye kisu ni Mary, sawa. Ila wateja wanaomfuata wanalipa na wanatoka wanacheka, na aliyeharibu maisha ya mtu ni msomi mwenye koti jeupe. Na Mary mwenyewe anakufa kwa kuchomwa na mume wa yule mdoli, anayeona mali yake imebadilishwa bila ruhusa yake. Anakufa akijaribu kujishona mwenyewe.

Hapo ndo penye fundo. Kwenye slasha ya kawaida kisu kinamfuata msichana na msichana anakimbia. Kwenye hizi, msichana anakifuata kisu, anapanga foleni, anasaini karatasi, analipia na chenji anaacha. Kwa hiyo huwezi kupiga kelele kibandani "kimbiaaa dada yuko nyuma yako!" maana dada kaja mwenyewe na bodaboda. Ukitaka kutenganisha aina za muvi, tenganisha hapa: slasha, hatari inatoka nje inaingia, muvi za mwili kama The Substance, hatari inatoka ndani ya mwili wenyewe, inaota, inavimba, inapasuka. Za upasuaji wa urembo ziko mlangoni, kisu kinatoka nje ila kimealikwa. Ndo maana mabishano hayaishi.

Mwaka 1987 msomi wa Marekani Carol Clover aliandika kuhusu yule msichana anayebaki mwisho, akasema mtazamaji anaanza muvi akiangalia kwa macho ya muuaji na anamaliza akiangalia kwa macho ya msichana. Kumbuka Halloween inavyoanza, kamera ndo macho ya muuaji, tunachungulia dirishani tukiwa ndani ya kinyago. Sasa chukua daktari wa urembo na ile kalamu yake anavyochora mistari mwilini kabla ya kupasua, hapa toa, hapa ongeza, hapa kaza. Ile ni kamera ya muuaji kwa wino. Tofauti ni kwamba mgonjwa naye anajiangalia kwenye kioo kwa macho hayo hayo, hamna wa kumwambia ageuke.

Lakini tuwe waungwana, hizi muvi zinawaonea madaktari sehemu fulani. Neno lenyewe plastiki kwenye plastiki sajari halihusiani na ndoo wala kandambili, limetoka Kigiriki, maana yake kufinyanga, kama udongo. Na kazi kubwa ya hii fani ilizaliwa kwenye vita. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa na hospitali Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917, ambako wanajeshi waliopasuliwa taya na pua na vyuma vya vita ya kwanza ya dunia walirudishiwa nyuso, zaidi ya operesheni 11,000 kwa wanaume kama 5,000. Hao hawakutafuta urembo, walitaka kukaa mezani na watoto wao wasikimbie. Huo ndo upasuaji rekebishi, wa mtu aliyeungua, mtoto mwenye mdomo sungura, mama aliyeondolewa titi kwa saratani. Siku hizi hata hospitali ya Mloganzila pale Dar wanafanya, na baadhi ya mambo ya kupunguza mwili wanafanya pia, wanaweka puto tumboni na kadhalika. Mkono ni ule ule, uzi ule ule, nusu kaputi ile ile. Muvi ya bei chee haina muda wa kutenganisha, kwake kila mwenye glavu ni kichaa.

Na uchunguzi wangu mimi ni kwamba kichaa mwenye glavu sio tatizo lenyewe hata kidogo. Tatizo ni lile lile lililoizaa slasha yenyewe, bajeti ndogo.

Chukua kuongeza makalio kwa mafuta yako mwenyewe, ile wanaita ya Kibrazili. Wanakunyonya mafuta tumboni na mapajani wanayaingiza nyuma. Mwaka 2017 kamati ya vyama vya madaktari wa fani hiyo ilitoa hesabu kwamba kifo kilikuwa kimoja kwa kila operesheni kama 3,000, kikubwa kuliko upasuaji mwingine wote wa urembo. Na kinavyoua sio kama kwenye muvi, hamna damu ukutani. Ndani ya msuli wa kalio kuna mishipa mikubwa ya damu, ule mrija wa kuingizia mafuta ukizama mpaka kwenye msuli unachana mshipa, mafuta yanaingia kwenye damu, yanapanda mpaka kwenye moyo na mapafu, yanaziba, mtu anaondoka pale pale mezani au masaa machache baadaye. Dawa yake inajulikana, usiingie kwenye msuli, baki chini ya ngozi, tumia altrasaundi uone mrija uko wapi, usiharakishe. Sasa kuna sehemu Florida kliniki za bei poa zilikuwa zinapitisha wagonjwa kama mkanda wa kiwandani, mpaka 2022 bodi ya madaktari ya jimbo ikaweka sheria ya dharura daktari mmoja asizidishe watatu kwa siku. Watatu! Maana yake kuna waliokuwa wanazidisha. Muuaji gani wa slasha anaweza kufanya kazi kwa ratiba namna hiyo.

Au chukua matiti. Vifuko vya silikoni viliwekwa kwa mwanamke wa kwanza Houston, Texas, mwaka 1962. Songa mbele mpaka 2010, Ufaransa tena, kampuni ya PIP inakutwa inajaza vifuko vyake na silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu, kisa rahisi. Wanawake kama 300,000 kwenye nchi kadhaa walikuwa wanatembea nayo kifuani. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Haya ndo mambo ambayo slasha haiwezi kuonyesha, mhasibu amekaa ofisini anapunguza gharama ya jeli. Piga picha hiyo uone kama kuna mtu atanunua tiketi.

Kwa mtengeneza muvi bei chee inazaa akili, unatafuta kinyago cha dola 2 na unatisha dunia. Kwenye chumba cha upasuaji bei chee inazaa haraka, fundi badala ya bingwa, hoteli badala ya hospitali, na mtu anapanda ndege kurudi nyumbani na mishono mibichi maana siku za kulala wodini hakulipia.

Na huku kwetu wengi hatufiki hata huko kwenye kisu, tuseme ukweli. Mwenye hela ataenda Uturuki, asiye nazo atanunua dawa ya Mchina ya kuongeza shepu, au mkorogo wa kwenye kopo lisilo na maandishi ya maana. Mkorogo ni slasha isiyo na daktari, mshika kisu na mkatwaji ni mtu mmoja. Nyingi zina zebaki, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake na huku inapita ngozi inakwenda kukaa kwenye figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kukugeuza bluu-nyeusi usoni, yaani unakimbia weusi unakutana nao mbele umeongezeka. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku, Rwanda mwisho wa 2018 polisi walikuwa wanapita madukani wanazibeba kwa maboksi, na bado ukienda sokoni ukiuliza kwa sauti ya chini unapewa. Wazee walishasema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, ila mkakasi haujawahi kupewa laiki.

Sasa kuna shutuma moja kwa hizi muvi na mimi naikubali nusu. Zinalalamika kuhusu presha ya urembo huku bango la muvi limejaa msichana mrembo nusu uchi na tone moja la damu shavuni limekaa vizuri kabisa. Slasha imeishi kwa kuuza miili ya wasichana tangu imezaliwa, halafu leo ndo inakuja kutuhubiria? The Substance yenyewe ilichaguliwa skripti bora kule kwenye tamasha la filamu la Cannes 2024 na ikachukua Oscar ya mekapu 2025, na kamera yake inakaa kwenye makalio ya Margaret Qualley, anayeigiza yule msichana mbichi, muda mrefu mpaka unaona aibu na aliyekaa pembeni yako. Watetezi wanasema hiyo aibu ndo lengo. Inawezekana. Ila mtu wa kibandani hajaambiwa ni lengo, yeye anaona makalio. Nusu ninayoikataa ni hii: mara nyingi hizi muvi ndo sehemu pekee mwanamke wa miaka 50 anapewa nafasi ya kukasirika kwenye skrini mpaka mwisho, bila kuambiwa apoe. Demi Moore, aliyeigiza yule nyota anayezeeka, alikuwa karibu kabisa na miaka sitini wakati anaigiza pale.

Na kwenye damu yote ile, sini inayofanya kazi kuliko zote haina hata tone. Yule nyota ana miadi na mwanaume wa kawaida tu, mtu aliyesoma naye, anayemuona mzuri. Kavaa, kapendeza. Anarudi kwenye kioo kurekebisha kidogo. Anatoka. Anarudi tena. Anafuta lipstiki, anapaka upya, anaongeza skafu, anarudi tena, mwishoni anajisugua uso kwa kiganja kama anataka kuung'oa, na mlango haufunguliwi. Gharama ya sini hiyo ni kioo na mwigizaji, hata Banzi angeimudu.

Nilimuwekea dada yangu, ana saluni Mwananyamala, nikijua atafumba macho kwenye zile za uti wa mgongo kupasuka. Hakufumba, alikuwa anakula karanga. Ilipofika ya kioo akasema simamisha kwanza. Akaiangalia ile sura imeganda pale kwenye skrini, akanirudishia bakuli la karanga.

"Huyu ninao wanne," akasema. "Mmoja anakuja kesho saa mbili."